Barua za Mkono za Waliotangulia: Ushuhuda wa Kumpendekeza Mtumishi



Usharika unapotimiza miaka mia moja huhesabu mali zake. Huhesabu majengo, kengele, mashamba, vyombo vya Meza ya Bwana, na idadi ya waliobatizwa. Lakini iko hazina ambayo mara nyingi haiingizwi katika hesabu, nayo ni barua za mkono zilizoandikwa na viongozi waliotangulia ili kumpendekeza mtu kwa kazi fulani: huyu apelekwe chuoni, huyu afanywe mzee wa kanisa, yule asikabidhiwe kundi kwa sasa. Barua hizo hazikuandikwa ili zitunzwe. Ziliandikwa ili zifanye kazi yake siku ile, kisha zikakunjwa na kuwekwa katika sanduku la bati, chini ya Biblia na kitabu cha nyimbo. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ndiyo maana yafaa sikukuu hii itumike pia kuzikumbuka karatasi hizo, kueleza ni kitu gani, na kuuliza zitafikaje mikononi mwa watakaoadhimisha miaka mia moja ijayo.

Mapokeo ya kushuhudia

Desturi ya kumpendekeza mtumishi kwa barua ni ya kale kama Kanisa lenyewe. Katika sura ya 16 ya Waraka kwa Warumi, Mtume Paulo anamtanguliza Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, na kuwaomba Wakristo wa Rumi wampokee na kumsaidia, kwa sababu naye amewasaidia wengi. Katika Matendo 18:27 ndugu wa Efeso wanawaandikia wanafunzi wa Akaya wampokee Apolo. Katika Waraka wa Tatu wa Yohana, Demetrio anashuhudiwa kuwa mwema, na katika waraka huohuo Diotrefe anatajwa kwa jina kuwa mtu apendaye ukubwa. Tangu mwanzo, basi, barua ya namna hii haikuwa ya kusifu tu. Ilikuwa na uwezo wa kufungua mlango, na pia wa kuufunga.

Hata hivyo Paulo huyohuyo, katika sura ya 3 ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho, anauliza kama yeye anahitaji barua za sifa, na anajibu kwamba barua yake ni Wakorintho wenyewe, watu waliobadilishwa maisha. Maneno hayo hayakufuta desturi ya barua. Yaliweka kipimo chake: karatasi ni ushahidi wa pili, na ushahidi wa kwanza ni watu ambao mtumishi ameishi nao. Barua isiyo na watu nyuma yake ni wino mtupu.

Martin Luther naye aliacha barua zaidi ya 2,500 zinazojulikana hadi leo. Nyingi kati ya hizo ni za kuombea watu: mchungaji atafutiwe mahali, mwalimu apewe shule, mwanafunzi asaidiwe ada. Matengenezo ya Kanisa yalihitaji mafundisho, lakini yalihitaji pia watu wa kuyabeba kutoka mji hata mji, na watu hao walitambulishwa kwa barua.

Katika Afrika ya Mashariki upo mfano usiosahaulika. Mwezi Januari 1844 mmisionari Johann Ludwig Krapf, mzaliwa wa Württemberg katika Ujerumani, alifika Unguja na kuonana na Sultani Seyyid Said. Sultani alikuwa Mwislamu na mgeni wake alikuwa mhubiri wa Injili. Hata hivyo alimpa barua kwenda kwa maliwali wake wa pwani, akimtaja kuwa mtu mwema anayetaka kuwaongoza watu kwa Mungu, na akiwaagiza wamtendee mema na kumsaidia popote. Barua hiyo ilikuwa fupi sana, lakini ilimfikisha Krapf Mombasa kwa amani mwaka huohuo. Iko mpaka leo katika kumbukumbu kwa sababu aliyepewa aliitunza na kuichapisha katika kitabu chake. Liko fundisho hapa: mwenye mamlaka anaweza kumshuhudia mtu kwa haki hata kama hawako upande mmoja.

Barua zilizobaki na barua zilizotoweka

Wamisionari wa Shirika la Berlin walifika Nyanda za Juu za Kusini mwaka 1891, wakaanza upande wa Konde, kaskazini ya Ziwa Nyasa. Mwaka 1898 kazi ilifika Kidugala katika Ubena, kisha ikaenea hata Lupembe, Ilembula na Yakobi, karibu na mji wa Njombe wa leo. Mmisionari wa Yakobi, Paul Gröschel, alikuwa mwandishi wa barua. Barua zake za kuanzia 1898 hadi 1908 zilikusanywa na kuchapishwa Berlin mwaka 1911. Kutokana na barua hizo na nyaraka nyingine, wanahistoria wanaweza kueleza hata namna kituo hicho kilivyoshambuliwa mwezi Septemba 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, na namna Wakristo wachache wa Kibena walivyosimama pamoja na mmisionari wao.

Lakini hapo ndipo lilipo swali zito. Wakristo hao wa Kibena nao walijua kusoma na kuandika, maana kila kituo kilikuwa na shule. Walimu wao walitumwa vijijini, wakaandika taarifa, wakaombea wenzao kazi, wakatahadharisha juu ya wasiofaa. Barua za mmisionari zilivuka bahari na kuwekwa katika makabati ya Berlin. Barua za mwalimu wa kijiji zilibaki chini ya paa la nyasi, pamoja na mchwa, moshi na mvua. Matokeo yake historia ya mashirika mengi ya kusini hueleza kwa urefu aliyeutuma ujumbe, na kwa ufupi mno wale walioubeba.

Pengo hilo ni kubwa zaidi katika miaka ya vita. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliiteka Njombe, na wamisionari Wajerumani wakaondolewa. Makanisa hayakufungwa. Walimu na wazee wa Kiafrika waliendelea kufundisha, kuzika na kuwatunza wakatekumeni, mpaka Waskochi wa misheni ya Livingstonia walipokuja kutoka Nyasaland kusaidia, na Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya 1920. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 jambo hilohilo likarudiwa, na safari hii Walutheri wa Marekani na Sweden ndio waliokuja kushika mahali palipoachwa wazi. Ni nani aliyeamua, katika vipindi hivyo, kwamba mwalimu huyu anaweza kuachiwa kundi na yule hawezi? Walikuwa watu wa hapahapa. Hakuna shaka kwamba ushuhuda wao mwingi ulikuwa wa mdomo, lakini sehemu yake iliandikwa. Kila karatasi ya namna hiyo inayotupwa jalalani ni shahidi anayefukuzwa kabla hajasikilizwa.

Si Ubena peke yake uliopatwa na jambo hili. Miongoni mwa barua za kale zaidi za Kiswahili zinazojulikana ni zile zilizoandikwa Kilwa mnamo mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, na miongoni mwa waandishi wake ni mwanamke wa ukoo wa kifalme aliyeitwa Mwana Nakisa. Anayetaka kuziona hazikuti Kilwa wala Dar es Salaam. Zilihifadhiwa Goa, katika India, kwa kuwa Wareno waliozipokea walikuwa na desturi ya kutunza karatasi. Mpokeaji alitunza, nyumbani kwa mwandishi hapakubaki nakala.

Barua na kimemo

Hapana budi sasa kutofautisha vitu viwili vinavyofanana kwa sura. Kuna barua ya ushuhuda, na kuna kile ambacho Watanzania wamekizoea kwa jina la kimemo. Kimemo ni kikaratasi kifupi kinachosema msaidie huyu, bila kueleza huyu ni nani, amefanya nini, na kwa nini asaidiwe kabla ya wengine. Nguvu yake yote imo katika cheo cha aliyekiandika. Tume ya Jaji Joseph Warioba iliyochunguza kero ya rushwa mwaka 1996 iliikumbusha nchi namna upendeleo unavyodhoofisha utumishi wa umma. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha sheria ya uchaguzi kilichoruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Kanisa linaweza kuifurahia hukumu hiyo, lakini furaha hiyo ni halali tu kwa kanisa ambalo nalo halina takrima wala vimemo katika kuchagua wazee wake na viongozi wake.

Marekani, ambako barua za marais wa zamani hutafutwa sana na wakusanyaji, ina mifano inayofaa kutazamwa. George Washington alipoapishwa kuwa rais mwaka 1789 alizingirwa na waomba kazi wengi mno. Mmoja wao alikuwa mpwa wake mwenyewe, mtoto wa ndugu yake, Bushrod Washington, aliyetaka kuwa mwanasheria wa serikali katika jimbo la Virginia. Tarehe 27 Julai 1789 rais alimwandikia na kumkatalia. Alimweleza wazi kwamba wapo mawakili wenye umri na heshima kuliko yeye, na kwamba macho ya wengi yalikuwa yakimtazama rais kama atawapendelea jamaa zake. Barua hiyo haikumharibia kijana maisha. Aliendelea na kazi yake, na mwaka 1798, chini ya rais mwingine, John Adams, aliteuliwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo. Kukataliwa kwa ukweli kulimpa nafasi ya kukua. Kupendelewa kungembakiza kuwa mpwa wa rais.

Rais Abraham Lincoln naye, tarehe 17 Oktoba 1861, katikati ya vita, alimwandikia Meja Ramsay barua ya mistari michache juu ya mwanamke mmoja mwenye wana wawili. Ukiitazama haraka utaiita kimemo. Lakini Lincoln hakudai kuwa anawafahamu vijana hao. Aliandika kwamba mama yao ndiye asemaye kuwa wanataka kazi. Akaomba wapewe kama inawezekana, kwa sababu hamu ya kufanya kazi ni sifa adimu inayostahili kutiwa moyo. Katika maneno machache alitaja chanzo cha habari yake, alitoa sababu, na alimwachia mwenye ofisi uhuru wa kuamua. Hayo matatu ndiyo yanayoitenga barua ya ushuhuda na kimemo.

Nchi hiyohiyo ilionja pia uchungu wa njia nyingine. Tarehe 2 Julai 1881 Rais James Garfield alipigwa risasi na Charles Guiteau, mtu aliyeamini kwamba alistahili kupewa ubalozi mdogo wa Paris kwa sababu ya kukiunga mkono chama. Rais alifariki tarehe 19 Septemba. Mwezi Januari 1883 ikatungwa sheria ya kuwapata watumishi kwa mitihani. Vyeo vinapogeuzwa kuwa zawadi, anayevikosa hujiona ameibiwa. Kanisa halijanusurika na hasira ya namna hiyo, na yeyote aliyewahi kuona usharika ukigawanyika baada ya uchaguzi anajua kwamba jeraha lake huchukua miaka kupona.

Waswahili wana methali mbili zinazotosha kumwongoza mwandishi wa barua ya ushuhuda. Ya kwanza ni kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayezunguka na barua yake mwenyewe nyumba kwa nyumba, akiomba sahihi, amekwisha kusema habari zake. Ya pili ni kwamba akipenda chongo huita kengeza. Mzazi, shemeji na rafiki wa karibu wana upendo, lakini upendo huo hauwafanyi kuwa mashahidi. Paulo anamwonya Timotheo, katika Waraka wa Kwanza, 5:22, asiharakishe kumwekea mtu mikono, asije akashiriki dhambi za wengine. Maana yake ni nzito: anayependekeza anajifunga. Mpendekezwa akianguka, jina lililo chini ya barua nalo huinama.

Thamani ya sokoni na thamani ya nyumbani

Duniani pako soko la barua za mkono. Watu huzinunua kwa sababu ya jina la mwandishi, kwa uzuri wa mwandiko, au kwa kutumaini kwamba bei itapanda. Mwaka 2012 kitabu kimoja kilichokuwa mali ya George Washington, chenye alama alizotia pembeni kwa mkono wake, kiliuzwa katika mnada kwa zaidi ya dola milioni 9 za Marekani. Walionunua ni chama kinachotunza Mount Vernon, nyumba ya Washington mwenyewe. Kitabu kilikuwa kimeuzwa na ukoo katika karne ya kumi na tisa. Wenye nyumba walilipa mamilioni ili kurudisha rafuni kilichokuwa rafuni hapo zamani.

Hakuna atakayelipa mamilioni kwa barua ya mwinjilisti wa Ubena. Lakini hilo halipunguzi hatari, bali linaiongeza, kwa maana kisicho na bei sokoni hutupwa upesi zaidi. Njombe, iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ina ukungu na baridi, na karatasi hunyonya unyevu. Makambako, mahali ambapo barabara ya Songea huungana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya, na ambapo reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 hupita, ni mji wa wahamiaji. Watu huhamia na kuhama, nyumba huuzwa, na masanduku ya marehemu hufunguliwa na vijana wasiojua mwandiko wa babu zao. Kule baridi huharibu. Huku safari hupoteza.

Pamoja na hayo, leo watu hupendekezana kwa ujumbe wa simu. Ujumbe hufika upesi, na simu ikiharibika hutoweka pamoja na ushahidi wote. Mwandiko ulimgharimu mwandishi muda. Alilazimika kuketi, kufikiri, na kutia sahihi jina ambalo wajukuu wake wangelisoma. Ule muda wa kufikiri ndio uliokuwa sehemu ya uaminifu wake.

Namna ya kutunza

Kutunza hakuhitaji fedha nyingi. Familia yenye barua inaweza kuikabidhi kwa usharika, au kubaki nayo na kuruhusu ipigwe picha. Karatasi isitiwe gundi wala utepe wa plastiki, isitobolewe, wala isifunikwe kwa plastiki ya moto. Ifunuliwe taratibu, iwekwe katika bahasha safi na kavu, mbali na jua, na maelezo yake yaandikwe kwa penseli juu ya bahasha: nani aliandika, kwa nani, lini, na ilitoka kwa familia gani. Kisha liwepo daftari la orodha, na nakala yake ipelekwe ofisi ya dayosisi, ili moto ukiteketeza jengo moja, habari isiteketee.

Liko jambo moja linalohitaji hekima. Baadhi ya barua zinasema ukweli mchungu: fulani ni mlevi, fulani hakurudisha sadaka, fulani asipelekwe chuoni. Watoto na wajukuu wa watu hao huketi katika viti vya kanisa hilihili. Wengine watashauri barua hizo zichomwe kwa ajili ya amani. Lakini kanisa linalotunza sifa tu halitunzi historia, bali linatunga hadithi. Njia ya haki ni kuzifunga kwa kipindi cha kutosha. Nyaraka za serikali katika nchi nyingi hufungwa kwa miaka 30, na usharika unaweza kuongeza muda huo panapohusika jina la mtu. Huruma ina haki ya kuchelewesha barua isisomwe. Haina haki ya kuiangamiza. Na msomaji wa kesho akikuta kwamba aliyekataliwa mwaka fulani alipokelewa miaka kumi baadaye kwa mwandiko wa mzee yuleyule, atakuwa amesoma Injili yenyewe katika karatasi mbili.

Hitimisho

Onesimo alirudi kwa Filemoni akiwa na barua mkononi. Aliyeiandika alikuwa mfungwa, aliyeibeba alikuwa mtumwa, na aliyeipokea alikuwa bwana mwenye haki ya kukasirika. Mwandishi hakuficha kosa, bali alisema kwamba kama lipo deni liandikwe juu yake. Huo ndio ukamilifu wa barua ya ushuhuda: anayependekeza yuko tayari kulipa.

Wazee waliotangulia katika Njombe na Makambako walilipa. Walitia majina yao chini ya watu ambao wakati huo hawakuwa chochote, na miongoni mwa hao wakatoka walimu, wauguzi, wainjilisti na wachungaji. Kizazi kilichopo kina madeni mawili kwao: kuzifungua sanduku zao kwa mikono safi, na kuandika juu ya walio hai leo barua ambazo hazitamwaibisha mtu zitakaposomwa katika sikukuu ya miaka mia mbili.

Mungu aubariki usharika huu, awapumzishe walioandika, na awape uaminifu wanaoandika sasa. Amina.